Kaka anataka hela ya nyumba ya mama tununue hisa za mafuta ya Namibia, nifanyeje?

Anti shikamoo. Naomba jina langu lisitoke. Mimi ni nesi nipo huku Uingereza miaka mingi sasa, kwetu Mtwara. Kaka yangu mkubwa nae yupo huku huku mji mwingine anaendesha lori, na mdogo wetu wa mwisho ni mwalimu wa shule ya msingi Newala. Baba alifariki tukiwa wadogo kwahiyo kaka ndo akawa baba, aliacha shule akawa anabeba mizigo bandarini ili mimi nimalize, hata ada ya unesi alilipa yeye. Naeleza haya ili uelewe kwanini hili jambo linaninyima usingizi.

Sisi watatu tunamjengea mama nyumba. Kiwanja kipo Mikindani, msingi umeisha, jamvi limemwagwa, tofali zimepangwa pembeni mpaka zimeanza kuota ukungu wa kijani, fundi anasubiri hela apandishe kuta mpaka lenta halafu apaue. Hela ipo kwenye akaunti yangu, imefika paundi 14,000 na ushee. Kaka katoa karibu nusu, mimi nimetoa sehemu kubwa ya iliyobaki, na mdogo wetu anatuma elfu hamsini kila akipokea mshahara, hajawahi kuruka mwezi.

Sasa Anti tangu 2022 TotalEnergies na Shell walipotangaza wamepata mafuta baharini Namibia kaka amebadilika, yani hana stori nyingine. Yupo kwenye grupu la WhatsApp la watu wa Afrika Mashariki tunaoishi Ulaya wanaonunua hisa, na kuna kampuni moja ndogo ipo soko la London ambayo ina asilimia kadhaa kwenye kitalu kinachopakana na vile vitalu vilivyopata mafuta. Wanasema meli ya kuchoronga imeshapatikana na kisima kinaanza muda si mrefu. Kaka ananitumia ramani kwenye simu, vitalu vimepakwa rangi, kile "chetu" (anakiita hivyo kabisa, chetu) kimebanwa katikati, huku mafuta huku mafuta, ananiambia mdogo wangu mwamba ni ule ule, haiwezekani pale katikati pawe pakavu. Anataka hela yote ya nyumba tununue hisa kabla kisima hakijaanza, kikitoa majibu tu tunauza siku hiyo hiyo, mama anapata nyumba na uzio na kisima cha maji na sisi tunabaki na chenji.

Na mimi sio kwamba simuelewi. Mwaka jana niliweka paundi 600 zangu mwenyewe kwenye kampuni hiyo hiyo na sahivi zinasoma 900 na kitu. Kila asubuhi kabla sijavaa yunifomu nafungua programu ya simu naangalia, na nikikuta imepanda nakua na raha mpaka naingia wodini. Kwahiyo kuna sauti ndani yangu inasema tungekua tumeweka zote 14,000 wakati ule sahivi fundi angekua anapiga bati.

Lakini pia nakumbuka nyumbani. Wakati gesi imepatikana baharini kwetu, Mtwara palichangamka, wazungu kila hoteli, viwanja vikapanda bei, baba mdogo akachukua mkopo akajenga gesti ya vyumba vingi akijua wageni hawataisha. Wageni waliisha. Sasa hivi vyumba anapangisha kwa mwezi kwa wanafunzi na mkopo alimaliza kwa kuuza shamba la mikorosho. Nikimkumbusha kaka anasema ile ilikua nyumba, huwezi kuiuza kwa dakika moja, hisa unabonyeza tu.

Wiki iliyopita alinipigia akaongea taratibu sana, hakufoka, akasema "mimi sijawahi kukuomba kitu maisha yangu yote." Nikakosa jibu. Mama hajui, mdogo wetu hajui. Anti, nikitoa na ikapotea nitamuangalia vipi mama, nikikataa na ikapanda kaka hatanisamehe, na kama nikigawa nusu kwa nusu nahisi nitakua nimewaudhi wote. Nifanyeje?

Nesi wa Mtwara

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma na nikairudia, maana ndani yake kuna mambo matatu yamefungwa kwenye furushi moja, na kaka yako anayajibu yote kwa ile ramani. Kwanza, je pale kwenye kile kitalu kuna mafuta. Pili, yakiwepo, je mwenye hisa ndogo London anapata kitu. Tatu, hii hela ni ya nani na wewe unaweza kusema nini mbele ya mtu aliyekulea. Hilo la tatu ndo linalokunyima usingizi ila hayo mawili tusiyapite, kwasababu kaka anayasema kwa uhakika sana na nadhani huo uhakika ndo unaokufunga mdomo.

Nianze kwa kumtendea haki kaka. Hajaota. Mwezi wa pili 2022 Shell walitangaza kisima cha Graff na wiki chache baadae TotalEnergies wakatangaza Venus, mbali baharini kama kilomita 290 kutoka pwani, maji yenyewe kina chake kama mita 3,000. Mwaka 2024 Galp wa Ureno wakaja na Mopane, wakasema chini kule huenda kuna mapipa bilioni 10 au zaidi, na siku hiyo hisa zao ziliruka kama asilimia 20. Na hisa za kampuni ndogo ya mafuta zimewahi kutajirisha watu kweli, mwaka 2010 kule visiwa vya Falkland kampuni ndogo ya Rockhopper ilipata mafuta ya Sea Lion na hisa zake zikapanda mara kadhaa ndani ya miezi michache. Kwahiyo ukiongea na kaka usianze kwa kumwambia anaota, utakua umekosea na yeye atafunga masikio.

Lakini hebu tuulize hilo la mwamba ule ule. Mchanga unaobeba mafuta kule ulishushwa na maji mamilioni ya miaka iliyopita ukateremka mpaka kwenye kina kirefu, na haukujitandaza sawasawa, umekaa kama ndimi ndimi, pengine mnene na wenye matundu mazuri, pengine umeshikamana mpaka mafuta hayapiti. Ramani yenye rangi inaonyesha mipaka ya leseni, na mipaka hiyo ilichorwa ofisini. Mfano upo hapo hapo Namibia. Chevron walichukua kitalu kinachopakana na hao wote, wakachimba kisima cha Kapana, na mwezi wa kwanza 2025 wakasema hakuna mafuta ya kutosha kibiashara. Mwezi huo huo Shell wenyewe, waliokua wa kwanza kupata, walifuta kwenye vitabu vyao kama dola milioni 400 kwasababu mafuta waliyoyaona hawakuweza kuyafanya biashara, mwamba mgumu kupitisha na gesi nyingi. Yani hao sio majirani tena, ni wenye kisima. Sisemi kitalu "chenu" kitakua hivyo. Nasema ile kauli ya haiwezekani pakawa pakavu, imeshawezekana.

Na kuna kitu kingine kati ya kavu na utajiri ambacho sijui kama kwenye grupu wanakiongelea. Mwaka 2015 Exxon walipata mafuta Guyana, kisima cha Liza, na mwisho wa 2019 mafuta yakaanza kutoka, mafanikio makubwa kabisa. Kitalu cha jirani kilikua cha kampuni za Tullow na Total pamoja na kampuni ndogo inaitwa Eco Atlantic. Agosti 2019 Tullow wakatangaza wamepata mafuta kisima cha Jethro, watu wakanunua hisa kwa furaha. Mwezi wa 11 mwaka huo huo majibu ya maabara yakaonyesha ni mafuta mazito yenye salfa nyingi, na hisa zikaanguka. Mafuta yalikuwepo! Yalikua tu sio ya aina ile ya jirani. Na kule Falkland nilikotaja, mwezi wa 12 mwaka 2010 kampuni ya Desire, jirani wa Rockhopper, ilitangaza kisima chake kimeonyesha mafuta, hisa zikaruka, na siku chache baadae ikatangaza tena kwamba ni maji. Aliyenunua katikati ya matangazo hayo mawili unaweza kufikiria.

Hapo ndo naomba tuangalie ile "tunauza siku hiyo hiyo", kwasababu naona kama mpango mzima wa kaka umesimama juu ya neno hilo. Kampuni za London kwa kawaida hutoa matangazo yao saa moja asubuhi, soko linafunguliwa saa mbili. Saa hiyo wewe mwanangu upo wapi? Upo wodini unapokea ripoti ya zamu ya usiku, simu ipo kwenye kabati. Kaka yako yupo barabarani kashika usukani. Kisima kikiwa kikavu bei haishuki polepole ukaiona ikipita, inafungua ikiwa tayari imeshaanguka, kwahiyo hata ungekua umekaa na kidole juu ya kitufe unauza kwa bei ya waliochelewa. Alafu hisa ndogo kama hizi bei ya kununua na bei ya kuuza hazilingani, angalia hata leo kwenye programu yako, zile 900 zinazosoma ukibonyeza kuuza utaona zinapungua kidogo hapo hapo, na siku ya taharuki hilo pengo linatanuka. Na wengi wanadhani kwa kuwa ni Uingereza kuna mfuko wa fidia, upo kweli, ila huo ni kwa ajili ya kampuni ya ile programu unayopitia kununua hisa ikifilisika, hisa yenyewe ikishuka haulipi kitu.

Sasa swali la pili, yakipatikana kweli, mazuri, mengi. Kaka kamkumbuka baba mdogo akasema ile ilikua nyumba na hii ni hisa. Mimi naomba mkumbuke na hisa za Mtwara yenyewe, maana zilikuwepo. Kampuni ya Ophir iliingia soko la London mwaka 2011 kwa peni 250 hisa moja, ikiwa na sehemu ya vitalu namba 1, 3 na 4 vya bahari yetu ya kusini, na gesi ilipatikana kisima baada ya kisima, mpaka wakawauzia Wasingapore kipande cha vitalu hivyo kwa zaidi ya dola bilioni 1.2. Hakuna mtu atasema Ophir hawakupata kitu. Mwaka 2019 kampuni yote ilinunuliwa na Medco wa Indonesia kwa peni 57.5 hisa moja. Mtu aliyeingia siku ya kwanza akakaa mpaka mwisho alibaki na chini ya robo kwenye bei ya hisa, na gesi ipo pale pale chini ya bahari inasubiri mradi wa kusindika gesi wa Lindi. Kwasababu kupata ni hatua ya kwanza, baada ya hapo kuna kupima, kuna mkataba na serikali, kuna kutafuta mabilioni ya kujenga, na hapo katikati kampuni ndogo haina mapato yoyote, inaishi kwa kuuza hisa mpya. Kila ikiuza hisa mpya, keki inabaki ile ile ila vipande vinaongezeka na chako kinakua chembamba. Hapo hapo Namibia kuna gesi ya Kudu, iligunduliwa 1974, mpaka 2025 ilikua bado haijawasha hata taa moja.

Kwahiyo kama mazungumzo na kaka yatakua ya hisa, msiongelee ramani, ongeleeni karatasi za kampuni. Ina hela kiasi gani benki na itatosha mpaka mwezi gani. Kisima kinalipwa na nani, maana kisima kimoja cha bahari ya kina ni makumi ya mamilioni ya dola, je kuna kampuni kubwa imekubali kubeba gharama au na wao watachangishwa. Ile asilimia yao ni ngapi hasa baada ya kutoa ya mwendeshaji, yani kampuni inayosimamia kazi ya kuchimba, na ile asilimia kumi ambayo mara nyingi inashikwa na NAMCOR, shirika la mafuta la Namibia. Na bei ya leo tayari imeshabeba matumaini kiasi gani, maana zile 600 zako kufika 900 hakuna pipa lililoongezeka, ni watu wameongezeka wanaosubiri. Mwisho muulize kwa upole hao wanaotuma voisi kwenye grupu usiku na mchana, wao walinunua lini na kwa bei gani. Mtu aliyenunua zamani kwa bei ya chini anahitaji wanunuzi wapya kabla ya kisima, na hilo halimfanyi kuwa muongo, ila anacheza mchezo tofauti na wa kaka yako.

Tuje kwenye linalokuuma.

Umeniandikia kaka kasema hajawahi kukuomba kitu. Ni kweli na ni zito, na sitaki ulipuuze, mtu aliyebeba magunia ili wewe usome ana haki ya kusikilizwa kuliko grupu zima la WhatsApp. Lakini angalia vizuri alichoomba. Angekuomba hela yako ningekuambia hilo ni kati yako na moyo wako. Ameomba hela ambayo ndani yake kuna elfu hamsini za mwalimu wa Newala, mwezi hadi mwezi, kwa mshahara tunaoujua. Ukimlipa kaka fadhila kwa mfuko huo, anayelipa ni mdogo wako na hana habari. Barua nzima umenieleza kaka anasema nini, wewe unahisi nini, nyumba imefikia wapi, ila mdogo wako anataka nini sijakuta hata mstari mmoja. Nilijiuliza, je hamjamuuliza kwasababu ni mdogo na mchango wake ni mdogo, au kwasababu mnajua jibu lake?

Na mama nae. Unasema utamuangalia vipi hela ikipotea. Ila je unajua mama mwenyewe anataka nini sasa hivi, analala wapi, anapanga, anakaa kwa ndugu, afya yake ikoje? Kuna mama anaweza kusubiri miaka mitatu bila shida na kuna mama kila masika anahamisha godoro. Majibu yako kuhusu hisa yanategemea hilo kuliko yanavyotegemea kisima. Piga hesabu hii pia, hizo 14,000 zilichukua muda gani kufika, na zikiondoka zote kwa mishahara yenu ya sasa zitarudi lini. Usiifanye kichwani, kaa uiandike.

Njia zipo kadhaa na hakuna isiyo na mwiba. Ukimpa zote mtakua mmeweka nyumba nzima kwenye shimo moja, likitoa mtashangilia, na hata hapo kuna hatari watu hawaiongelei, kwamba mkishinda mara moja hela ya nyumba itaonekana ni mtaji na itatafutiwa kisima kingine. Ukikataa kabisa, hisa zikapanda, kaka ataumia kweli na maneno yatasemwa siku ya msiba au harusi, hilo usijidanganye, ila pia kumbuka hata zikishuka hatakushukuru, kwahiyo usikatae ukisubiri shukrani. Kusubiri kisima kitoe majibu ndo mnunue ni njia ambayo kaka anaiona ya kijinga kwasababu bei itakua juu, na ni kweli itakua juu, lakini mtakua mnanunua kitu mnachokijua zaidi. Na kuna kumuachia kaka achukue mchango wake mwenyewe, au sehemu yake, aweke kwa jina lake na kwa programu yake, wewe ukabaki na yako na ya mdogo mkaendelea na fundi mpaka lenta. Hiyo inaheshimu kwamba yeye ni mtu mzima na hela ni jasho lake, ila mwiba wake ni kwamba nyumba itasimama nusu, na akipoteza mtabeba pengo lake kimya kimya, je mko tayari bila kumsimanga? Nusu kwa nusu uliyoitaja naielewa, lakini jiulize kama unaichagua kwasababu ina hesabu nzuri au kwasababu inakutoa kwenye simu haraka.

Zile 600 zako sina neno nazo, ni zako, umejifunza kitu kwa hela unayoweza kuikosa. Ila ile raha ya asubuhi kabla ya yunifomu nimeiona, na nadhani hata kaka anaijua ikoje. Kabla hujaongea nae kaa na swali moja, sauti inayosema "tungeweka zote" ni yako au ni ya ile namba ya kijani kwenye simu? Kwasababu ukienda kumkatalia huku nusu yako inataka, atasikia, anakujua tangu utotoni.

Ningekua jirani yako ningekuomba usimjibu kaka peke yako kwenye simu usiku. Mpigie mdogo wako kwanza, mueleze yote bila kumuelekeza ajibu nini, mpe muda. Halafu muongee watatu siku kaka hayupo barabarani na wewe huna zamu, kaka aeleze kisima chake mwenyewe kwa mdomo wake na mdogo wake aulize maswali, walimu wanajua kuuliza. Na kama kaka ataona uzito kumueleza yeye, mngoje, msikilize, usimkimbize, huenda hapo ndo akakuambia kitu ambacho hajawahi kukuambia, pengine deni, pengine amechoka na lori, pengine anaona umri unaenda na hana cha kuonyesha nyumbani. Mtu mwenye kawaida ya kutoa akianza kuomba hela ya mama yake mwenyewe mara nyingi kuna jambo nyuma yake, na hilo nalo linahitaji dada.

Niandikie tena mkishaongea, na safari hii niambie mwalimu amesema nini.

Anti